Asiye na dini azikwe na nani? Kazi za mashirika ya wahumanisti, na kwa nini zinatuhusu hata sisi wa Dodoma

Baba yangu mdogo alifariki mwezi wa pili, kipindi mvua imekolea, na usiku ule chini ya turubai pale Nkuhungu kilichotusumbua haikuwa hela wala jeneza, watu walishachanga na daftari la rambirambi lilishajaa, kilichotusumbua ni nani atamzika. Alikuwa mpima ardhi, kazunguka na vifaa vyake mji huu wote tangu enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, kuna viwanja vya watu Area C na Kisasa vigingi vyake kavipiga yeye. Kanisani aliacha kwenda miaka ya tisini na hakuwahi kuficha, ukimuuliza anakujibu tu mimi sina dini, alafu anakukaribisha chai. Sasa usiku ule akaja mzee wa kanisa, akasema kwa upole kabisa kwamba marehemu hayupo kwenye kitabu, hana jumuiya, hajatoa ahadi miaka mingi, kwa hiyo mchungaji hatoweza kuja. Shangazi akaanza kulia upya. Mtu mmoja nyuma akauliza, sasa huyu atazikwa kama nani?

Niseme mapema kwamba mimi nasali, kwaya naimba, na siandiki hapa ili kumtoa mtu kwenye imani yake. Ila lile swali lilinikaa kifuani, nikaanza kusoma kuhusu watu wa namna ya baba mdogo, wapo wapi, nani anawasemea, nani anawazika, na ndo nikakutana na hii habari ya mashirika ya wahumanisti ambayo nilikuwa naisikia juu juu nikidhani ni watu wanaozunguka duniani kumtukana Mungu. Sio hivyo, au tuseme hiyo ni sehemu ndogo sana ya picha.

Tuanze na maneno kwanza maana hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa. Kwenye Kiswahili chetu ukisema "yule hana dini" mara nyingi humaanishi kwamba haendi kanisani wala msikitini, unamaanisha ni katili, anaweza kumnyima mtoto maji. Yani lugha yenyewe imeshamhukumu mtu kabla hujamjua. Alafu kuna "mpagani", ambalo zamani waliitwa hata wazee wetu wa Kigogo waliokuwa wanafanya matambiko ya mvua, wakati wale walikuwa na imani yao kamili na Mulungu wao. Huyo sio asiye na dini, huyo dini yake ilikuwa haina jengo tu. Asiye na dini ni mwingine. Kuna ambaye haamini kabisa kwamba Mungu yupo, huyo anaitwa ateisti. Kuna anayesema hili jambo halijulikani na mimi sijui, huyo ni agnostiki. Kuna aliyeacha tu, hana ugomvi na mtu, Jumapili yake anafua nguo na kuangalia mpira.

Humanisti anaenda hatua moja mbele. Hasemi tu nisichoamini ni nini, anasema ninachosimamia ni nini: kwamba mtu anaweza kuishi vizuri na kutendea wenzake haki kwa kutumia akili, huruma na ushahidi, bila kungoja malipo ya mbinguni. Na hapa Kiswahili ambacho kilimhukumu kwenye lile neno la kwanza kinamrudishia heshima kwenye lingine, maana tunalo neno utu. Kila mtu hapa anajua tofauti ya mtu mwenye dini na mtu mwenye utu, na anajua kwamba wakati mwingine vinakaa pamoja na wakati mwingine havikai. Nikitakiwa kumweleza bibi yangu humanizimu ni nini, ningemwambia ni watu walioamua kuanzia kwenye utu.

Kwa dunia nzima wana umoja wao, unaitwa Humanists International, uliundwa Amsterdam mwaka 1952 kwa jina lingine refu kidogo na hili la sasa wakalichukua 2019. Mkutano ule wa kwanza uliongozwa na Julian Huxley, mwanasayansi Mwingereza ambaye ndiye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, shirika la UN la elimu, sayansi na utamaduni. Chini ya umoja huo kuna vyama vya nchi nchi, vingine vikongwe kuliko umoja wenyewe, cha Uingereza kwa mfano mizizi yake ni mwaka 1896.

Sasa kazi. Nianze na ile iliyonigusa mimi, yani sherehe na misiba. Ukikaa ukafikiri utaona dini haitupi sala peke yake, inatupa mtu wa kusimama mbele siku mtoto amezaliwa, siku ya ndoa na siku ya kifo. Ukitoka kwenye dini unapoteza vyote kwa mkupuo, na hiyo ndo sababu watu wengi wasioamini wanaendelea kukaa kwenye viti vya nyuma kanisani maisha yao yote, wanaogopa msiba wao. Wahumanisti waliliona hili mapema. Wanafundisha waendesha sherehe, mtu anakuja nyumbani, anakaa na familia, anauliza marehemu alikuwaje, alipenda nini, anaandika wasifu wa maana, siku ya mazishi anaongoza, watu wanaongea, wanaimba, wanakaa kimya dakika kadhaa, wanazika. Scotland ndoa zao zinatambuliwa kisheria tangu 2005 na imefika mahali zimekuwa nyingi kuliko za Kanisa la Scotland lenyewe. England na Wales hali ilikuwa ngumu zaidi, mwaka 2020 wapenzi jozi sita walienda Mahakama Kuu na jaji akakubali kwamba sheria inawabagua, ila hakuiamuru serikali ibadili hapo hapo.

Norwei ndo wamefika mbali. Kule vijana wa miaka kumi na nne, kumi na tano walikuwa wanapata kipaimara kanisani kama kwetu, na tangu 1951 kukawa na kipaimara cha upande wa pili, kijana anapita kwenye kozi ya maadili, haki za binadamu, kufikiri mwenyewe, mwisho kunakuwa na sherehe kubwa na bibi na babu wanakuja wamevaa vizuri. Wanaopitia njia hii sasa ni zaidi ya elfu kumi kila mwaka. Na serikali ya Norwei inatoa ruzuku kwa makanisa, misikiti na chama cha wahumanisti kwa kuhesabu vichwa vya wanachama, yani usawa kabisa, kila mmoja anapewa kwa wingi wake. Uholanzi nao jeshini wana washauri wa kihumanisti tangu miaka ya 1960, askari asiye na dini anayetaka kuongea na mtu kabla hajaenda vitani basi anaye wa kuongea naye. Uingereza wanatembelea wagonjwa mahospitalini na wafungwa magerezani. Mtu anayekaribia kufa anahitaji mtu wa kumshika mkono, kuamini au kutoamini hakubadilishi hilo.

Kazi ya pili ni nzito zaidi, ni kulinda watu wasiuawe na wasifungwe. Kuna nchi zaidi ya kumi ambazo kwa sheria mtu anaweza kuhukumiwa kifo kwa kuacha dini au kwa maneno yanayohesabiwa kuwa ni kukufuru. Tangu 2012 Humanists International wanatoa ripoti inayopita nchi kwa nchi, sheria inasemaje, shule zikoje, watu wasio na dini wanatendewaje, na hiyo ripoti ndo inatumika na mawakili na maofisa wa hifadhi ya wakimbizi wakitaka kujua huyu mtu anachosema ni kweli au anatunga.

Kesi ambayo kila Mwafrika anayefuatilia haya anaijua ni ya Mubarak Bala wa Nigeria. Huyu ni injinia wa kemikali, mtoto wa familia ya Kiislamu ya Kano. 2014 aliiambia familia yake kwamba haamini tena, wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko wiki mbili na kitu. Sisi tuliokulia Dodoma tunajua ule msemo wa "apelekwe Mirembe", yani hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, mtu akisema jambo lisilozoeleka, tunausema bila kufikiria, lakini kwa Bala haukuwa msemo, alifungiwa kweli na kudungwa dawa. Akatoka, akawa rais wa chama cha wahumanisti wa Nigeria, na tarehe 28 Aprili 2020 polisi wakamkamata nyumbani kwake Kaduna kwa sababu ya alichoandika Facebook kuhusu Mtume, wakamhamishia Kano. Mke wake alikuwa na kichanga cha wiki sita. Alikaa muda mrefu bila kufunguliwa mashtaka, mwezi Desemba mahakama Abuja ikaamuru aachiwe, hakuachiwa. Aprili 2022 akakiri makosa 18 na kupewa miaka 24.

Hapo ndo unaona shirika lina kazi gani. Wakati wote huo kuna watu walikuwa wanalipia mawakili, wanamshika mkono mke wake, wanapeleka jina lake kwenye Baraza la Haki za Binadamu la UN Geneva, wanazibana balozi, wanahakikisha hasahauliki. Mei 2024 Mahakama ya Rufaa ikashusha kifungo mpaka miaka mitano na Januari 2025 akatoka. Mtu mmoja, miaka karibu mitano ya kusukuma. Bila chama nyuma yake, mimi naamini angeoza kule ndani na sisi tusingelijua hata jina lake.

Watu wanaokimbia nchi zao nao ni mzigo mwingine. Mwaka 2018 Uingereza kulikuwa na kijana wa Pakistan aliyeomba hifadhi akisema ameacha dini, yeye ni humanisti, akirudi atauawa. Ofisa wa uhamiaji akamuuliza maswali ya kumpima, na kwa sababu hakuwataja Plato na Aristotle wakamwambia wewe sio humanisti wa kweli, ombi limekataliwa. Fikiria mtu anaulizwa wanafalsafa wa Ugiriki ili aruhusiwe kuishi. Chama cha wahumanisti cha Uingereza kikapiga kelele, wanafalsafa zaidi ya mia wakasaini barua kusema hayo maswali hayana maana, 2019 kijana akapewa hifadhi, na chama kikaenda kuwafundisha wale maofisa jinsi ya kumhoji mtu asiye na dini. Huo ndo utetezi ninaouheshimu, unamwokoa mmoja alafu unarekebisha mlango ili anayekuja nyuma asigonge kichwa palepale.

Alafu kuna jambo ambalo lilinishangaza mimi kama muumini. Hizi sheria za kukufuru ambazo wahumanisti wanazipinga, waathirika wake wengi ni watu wa dini. Asia Bibi wa Pakistan alikuwa Mkristo, mama wa shambani, ugomvi wa kikombe cha maji ukamfikisha kwenye hukumu ya kifo mwaka 2010 na hakufutiwa mpaka 2018. Wahumanisti walikuwa kati ya waliopiga kelele kwa ajili yake, na 2015 wakaanzisha na wenzao kampeni ya kufuta sheria za namna hiyo duniani. Toka hapo Iceland, Norwei, Malta na Ireland zote zimezifuta. Kwa hiyo anayemtetea asiye na dini anakutetea na wewe siku utakapojikuta ni wachache mahali fulani.

Sasa turudi huku kwetu Afrika maana kuna watu watasema haya ni mambo ya wazungu. Uganda kuna shule za kihumanisti, ya Isaac Newton kule Masaka ilianza 2005, wanafundisha watoto wa dini zote na wasio na dini, hakuna anayelazimishwa kusali na hakuna anayekatazwa. Kenya chama cha ateisti kilisajiliwa mwaka 2016, mwaka huo huo usajili ukasimamishwa, wakaenda mahakamani kudai haki yao ya kujumuika. Na kuna jambo la uchawi, ambalo hapa Tanzania lingetakiwa kutukosesha usingizi. Shinyanga, Mwanza, Tabora, Simiyu, bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi, mama amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, alafu anaitwa mchawi. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mganga kasema vinaleta utajiri. Leo Igwe, humanisti wa Nigeria, alianzisha 2020 shirika la kuwatetea wanaotuhumiwa uchawi, anaenda vijijini, anakaa na mtuhumiwa, anaongea na polisi. Malawi wahumanisti walipambania wazee waliofungwa kwa kesi za uchawi. Na Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la UN likapitisha azimio la kwanza la aina yake la kulaani ukatili unaotokana na tuhuma za uchawi na mauaji ya watu wenye ualbino, wahumanisti wakiwa kati ya waliolisukuma. Hapa nchini nako kuna Watanzania wamejikusanya kwa jina la Jichojipya wakihimiza watu wafikiri upya kuhusu imani kama hizo. Kwa maoni yangu kama kuna kazi moja ya wahumanisti ambayo kila kanisa na kila msikiti hapa ungeweza kushirikiana nao kesho asubuhi, ni hii.

Kisheria sisi hatuko vibaya kama watu wanavyodhani. Katiba ya 1977 ibara ya 19 inatoa uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, na inataja wazi uhuru wa kubadilisha. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa tuliuridhia 1976, na kamati inayousimamia ilifafanua mwaka 1993 kwamba unamlinda anayeamini Mungu, asiyeamini, na anayesema hana dini yoyote. Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba serikali haina dini, na swali la dini kwenye sensa liliulizwa mara ya mwisho 1967. Ile ya 2022 ilitukuta watu milioni 61.7, zaidi ya milioni tatu wapo mkoa huu wa Dodoma, na hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Mimi naona hiyo ni busara, ingawa ina upande wake wa pili, Uingereza wahumanisti wanapiga kampeni kila sensa watu waseme ukweli na 2021 asilimia 37 ya England na Wales wakajibu hatuna dini, ikawapa nguvu ya kudai haki. Kwetu asiye na dini hayumo kwenye hesabu yoyote, kwa hiyo ni rahisi kusema hayupo.

Ila upande wa pili wa sheria pia upo, Kanuni ya Adhabu kuanzia kifungu cha 125 inakataza kudhalilisha dini na kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu, kwa hiyo anayetaka kusema mawazo yake aseme ya kwake bila kutukana ya mwenzake. Hilo hata bila sheria ni adabu.

Tatizo letu kubwa haliko mahakamani. Liko kwenye fomu ya shule yenye kiboksi cha dini, liko kwenye kipindi cha dini ambapo Wakristo wanaenda darasa hili na Waislamu lile, na mtoto mmoja anabaki chini ya mti hajui aende wapi. Liko kwa binti wa chuo aliyemwambia mama yake simuamini tena Mungu na ada ikasimama. Uingereza wahumanisti wana kitengo kinachoitwa Faith to Faithless, kinasaidia watu waliotengwa na familia baada ya kuacha dini, kuongea na mtu aliyepitia. Hapa kwetu anayesaidia ni rafiki mwenye chumba cha ziada, kama yupo.

Na njia zilizopo watu hawazijui. Ndoa ya bomani ipo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu, mnaenda kwa msajili ofisi ya mkuu wa wilaya, mnatoa taarifa siku 21 kabla, mnafunga, ni ndoa kamili sawa na ya kanisani. Mahakamani asiyetaka kuapa kwa Mungu anaruhusiwa kutoa uthibitisho. Na wosia unaweza kuandikia RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na wakakutunzia, humo unasema hata unataka uzikweje.

Baba mdogo hakuandika. Kwa hiyo usiku ule saa sita na kitu mwenyekiti wa mtaa akasimama, mzee wa Kiislamu, akasema huyu bwana amenipimia kiwanja changu na hakunizidishia hata mia, mimi nitaongoza, nani ana kipingamizi? Hakuna aliyekuwa nacho. Kesho yake vijana wakachimba tope likiwa linateleza, fundi mwenzake akasoma wasifu, jirani akaeleza alivyolipiwa dawa za mtoto na hajawahi kudaiwa, mwenyekiti akaomba tukae kimya, tukakaa. Shangazi akashindwa kuvumilia akaanza wimbo wa kanisani peke yake, na sisi tunaojua kuimba tukamwitikia, hakuna aliyemkataza. Yule mzee wa kanisa alikuwepo pia, amesimama pembeni kofia mkononi, na ilipofika zamu yake akachukua udongo akatupia kama sisi wote. Mwezi uliofuata shangazi akaniomba nimsindikize RITA.